Mashine Zinazozaa Mashine

Kwenye karakana niliyojifunzia kazi, Gerezani, Dar es Salaam, kuna mashine ya kuchongea meno ya gia ambayo hakuna anayejua iliingia lini. Imepakwa rangi juu ya rangi hadi ule ukijani wake umekuwa mnene kama gome la mti. Ubavuni ina kibati cha shaba. Enzi za uanafunzi, kila Jumamosi jioni nilikuwa naifuta kwa tambara lenye dizeli, na nikifika kwenye kibati nasoma maneno yale yale: Cincinnati, Ohio, U.S.A. Cincinnati sikuijua iko upande gani wa dunia. Nilichojua ni kwamba mwalimu wangu, ambaye sote tulimwita Mzee na hakuna aliyempita bila shikamoo, aliitunza kuliko mashine zote.

Mteja akija na gia ya mashine ya kusaga iliyovunjika meno, anataka kazi iishe leo leo, Mzee alimkaribisha kwenye benchi akamwambia taratibu: "Gia yako ni kazi ya saa mbili. Ila kisu cha kuichongea sina, na kukitengeneza ni siku mbili." Wengine waliondoka wamenuna. Wengi walirudi baada ya siku mbili.

Maneno hayo yalinirudia miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma habari za Vita Kuu ya Pili, hasa namna Marekani ilivyojiandaa kabla ya kuingia. Watu wengi wakiizungumzia vita hiyo wanapenda hesabu za mwishoni: ndege zaidi ya 96,000 katika mwaka mmoja wa 1944, meli 2,710 za aina ya Liberty, kiwanda kinachotoa ndege ya mabomu kila saa. Hesabu hizo ni za kweli na zinashangaza. Lakini hizo ndizo saa mbili za Mzee. Mimi nilitaka kujua siku mbili zilikuwa wapi, na nani alikubali kuzingoja.

Zilikuwa kati ya mwaka 1939 na 1941, nchi ikiwa bado haijaingia vitani na wengi wa raia wake wakiomba isiingie.

Septemba 1, 1939, siku ile ile Ujerumani ilipoivamia Poland, Jenerali George Marshall aliapishwa Washington kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa na askari wapatao 190,000. Kwa ukubwa lilihesabiwa kuwa la 17 hivi duniani, wengine wanalishusha chini zaidi ya hapo, na bado lilikuwa na vikosi vya wapanda farasi. Nchi hiyo hiyo ilikuwa inaongoza dunia kwa kutengeneza magari.

Siwalaumu Wamarekani wa wakati ule. Mwaka 1917 walipelekwa Ulaya kwenye vita iliyoambiwa itamaliza vita zote, na zaidi ya askari wao 116,000 hawakurudi. Kuanzia 1934 kamati ya Seneti chini ya Gerald Nye ilichunguza faida walizopata wauza silaha na mabenki, na watu wakachukia. Kati ya 1935 na 1937 zikapitishwa sheria za kutoegemea upande wowote: usiwauzie silaha walio vitani, usiwakopeshe. Juu ya hayo, mdororo wa uchumi ulikuwa umewapiga miaka kumi. Hata mwaka 1940 watu wapatao milioni 8 hawakuwa na kazi. Viwanda vilikuwepo, mafundi walikuwepo, chuma kilikuwepo, lakini mikanda ya mashine ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Waliozigusa mashine hizo kwanza hawakuwa majenerali wa Marekani. Walikuwa wateja kutoka nje. Novemba 1939 sheria ililegezwa: Uingereza na Ufaransa ziliruhusiwa kununua silaha, mradi walete fedha taslimu na wabebe mzigo kwa meli zao wenyewe. Wakaja na oda za ndege, injini za ndege, na mashine za viwandani. Fedha yao ndiyo iliyopanua majengo na kurudisha mafundi kazini wakati Bunge la Marekani bado likibishana.

Kisha ikaja Mei 1940. Majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ufaransa na nchi jirani tarehe 10. Tarehe 16, Rais Franklin Roosevelt alisimama mbele ya Bunge akaomba nchi iweze kutengeneza ndege 50,000 kwa mwaka. Mwaka mzima wa 1939 viwanda vya Marekani vilikuwa vimetoa ndege za kijeshi 2,100 hivi. Watu walidhani ametaja namba ya kuota. Wiki tano baadaye Ufaransa ilikuwa imesalimu amri.

Mwishoni mwa mwezi huo huo Roosevelt alimwita William Knudsen, rais wa kampuni ya General Motors. Huyu ni mtu ninayempenda katika habari hii yote. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1879, akaingia New York kijana wa miaka 20 mwaka 1900, akaanzia kwenye karakana za meli, akapita kiwanda cha baiskeli, akapanda ngazi kwa Ford na baadaye Chevrolet. Alikuwa fundi kabla ya kuwa mkubwa. Aliacha mshahara wake wa Detroit akaenda Washington kufanya kazi ya serikali kwa dola 1 kwa mwaka.

Knudsen alijua alichokijua Mzee wa Gerezani: kabla ya gia, kisu. Kabla ya ndege 50,000 unahitaji mashine za kukereza, mashine za kusaga chuma kwa jiwe, mashine za kutoboa, za kuchonga meno, na pamoja nazo jigi za kushikia kazi na geji za kupimia. Kila moja ya hizo nayo inatengenezwa na mashine nyingine. Nchi nzima ilikuwa na miji michache inayozitengeneza: Cincinnati, Hartford, Worcester, Springfield ya Vermont na mingine kadhaa. Zilikuwa kampuni za wastani, zenye mafundi waliozeekea humo, na katika miaka ya njaa nyingine ziliishi kwa kuuza nje, hata kwa Urusi na Japani. Mwaka 1939 thamani ya mashine hizo zilizotengenezwa ilikuwa dola milioni 200 hivi. Mwaka 1941 ilifika kama milioni 775. Ukitaka kuona maandalizi ya vita kabla vita haijafika, tazama namba hizo mbili, uache za mizinga.

Fundi yeyote anajua ugumu wake. Mashine ya kukereza haiharakishwi kama keki ya sinia. Kitanda chake cha chuma cha kusubu kinahitaji kutulia ndipo kinyooshwe, la sivyo kitapinda kikiwa tayari kimefungwa na kila shafti itakayotoka hapo itakuwa na kasoro. Reli zake husawazishwa kwa mkono, kwa kukwangua kidogo kidogo kwa kwangulio, unapaka rangi ya buluu, unaweka bamba la kupimia, unatazama palipogusa, unakwangua tena. Nimeifanya kazi hiyo siku tatu mfululizo kwenye mashine moja ndogo, na mabega yaliuma wiki nzima. Wao walikuwa wanahitaji mashine kwa maelfu.

Ndiyo maana kitu cha kwanza Marekani kuizuilia Japani hakikuwa mafuta. Mafuta yalifungwa katikati ya 1941. Mwaka mmoja nyuma, Julai 1940, sheria mpya ilimpa rais uwezo wa kuzuia bidhaa kwenda nje, na mashine za kutengenezea mashine zikawa kati ya vitu vya mwanzo vilivyohitaji kibali.

Kuna kisa kimoja ninachokirudia kila mara, cha injini ya Merlin. Hii ni injini ya Rolls-Royce iliyokuwa ndani ya ndege za Spitfire na Hurricane za Waingereza. Waingereza walitaka itengenezwe pia Marekani. Henry Ford alikubali, kisha Juni 1940 akakataa, hakutaka kutengenezea silaha nchi ya kigeni iliyo vitani. Kampuni ya magari ya Packard, Detroit, ikaichukua, na Septemba 1940 mkataba ukasainiwa: injini 9,000, kati ya hizo 6,000 za Uingereza.

Mtu wa kawaida angedhani michoro ikifika kazi inaanza kesho yake. Haikuwa hivyo. Waingereza na Wamarekani walichora kwa desturi tofauti. Mwingereza akichora kitu kinavyoonekana kutoka juu, aliweka mchoro huo chini ya ule wa mbele. Mmarekani aliuweka juu. Anayefanya kazi ya vyuma ataelewa uzito wa jambo hilo. Mimi niliwahi kupokea mchoro uliochorwa kwa desturi nisiyoizoea, nikatoboa matundu manne upande usio wake, na kipande cha chuma cha bei kubwa kikawa chakavu. Tena karakana za Rolls-Royce zilikuwa na mafundi wa kutegemea mkono: kipande kikikataa kuingia, fundi anachukua tupa anakilegeza hadi kikae. Kwenye viwanda vya magari vya Detroit hakuna wa kushika tupa. Bushi ya kwanza na ya elfu tano lazima ziingie kwenye shafti yoyote bila kuombwa. Kwa hiyo Packard waliichora injini nzima upya, maelfu ya vipande, kwa vipimo vya kubana zaidi. Injini za kwanza ziliwashwa Agosti 1941, karibu mwaka mzima tangu mkataba. Hadi vita inaisha walikuwa wametoa zaidi ya 55,000. Mwaka ule mmoja wa kuchora, watu wakitazama kutoka nje wangesema hakuna kinachofanyika.

Mambo ya vifaru yalikuwa hivyo hivyo. Juni 1940 Knudsen alimpigia simu K. T. Keller wa Chrysler, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa magari, kumwomba atengeneze vifaru. Wahandisi wa Chrysler walikwenda kwenye karakana ya jeshi ya Rock Island, Illinois, kukitazama kimoja, wakarudi Detroit na marundo ya michoro, na mafundi seremala wao wakakijenga kwa mbao kwanza, kipande kwa kipande, ili waone kila kitu kinakaaje na kinahitaji mashine gani. Agosti wakapewa mkataba wa vifaru 1,000. Kabla mwezi haujaisha oda ikabadilishwa, kwa sababu yaliyotokea Ufaransa yalionyesha kuwa mzinga wake ni mdogo. Kikaja kifaru kingine, M3, chenye mzinga wa milimita 75 uliopachikwa ubavuni, maana kibanda kinachozunguka cha kuubebea juu kilikuwa bado hakijawa tayari.

Kiwanda chenyewe kilijengwa Warren, nje ya Detroit, juu ya shamba. Mchoraji alikuwa Albert Kahn, mtoto wa wahamiaji aliyeingia Detroit mdogo na kuwa msanifu wa viwanda vingi vikubwa vya mji ule. Baridi ilipoingia, jengo halijakamilika wala halijawa na joto, waliingiza treni ya mvuke ndani ili mvuke wake uwapashe mafundi wanaofunga mashine. Upande mmoja ukuta haupo, upande mwingine watu wanasawazisha mashine kwa kipimo cha maji. Aprili 1941 kifaru cha kwanza kilitoka, na jengo lilikuwa bado linamaliziwa.

Hawakufanikiwa kila mahali kwa mwendo huo. Kiwanda cha Ford cha Willow Run, kilichoanza kujengwa masika ya 1941 kwa ajili ya ndege za mabomu za B-24, kilisumbua hadi watu wakakata tamaa nacho. Ndege kamili ya kwanza ilisubiri mwaka 1942, na ile ndege moja kila saa ilipatikana 1944. Aluminiamu nayo ilipungua. Julai 1941 nchi nzima iliombwa kutoa vyombo vya aluminiamu, na akina mama wakaleta sufuria na birika zao kwenye viwanja vya miji, zikarundikwa kama kilima.

Askari nao walihitaji kutengenezwa. Septemba 16, 1940, kwa mara ya kwanza katika historia ya Marekani, ilisainiwa sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima wakati nchi iko katika amani. Mwezi mmoja baadaye, katika siku moja tu, wanaume zaidi ya milioni 16 wenye umri wa miaka 21 hadi 35 walijipanga kujiandikisha. Oktoba 29 Waziri wa Vita, Henry Stimson, alifungwa kitambaa machoni, akatia mkono kwenye chombo kikubwa cha kioo, akatoa kidonge cha kwanza. Ndani yake ilikuwa namba 158. Kila mwenye namba hiyo katika bodi yake ya mtaa alijua zamu yake imefika.

Waliambiwa ni mwaka mmoja. Walikuta kambi hazina vifaa, kwa kuwa vilivyokuwa vinatoka viwandani vilikuwa vichache na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda Uingereza, hasa baada ya Sheria ya Kukopesha na Kukodisha ya Machi 11, 1941. Basi wakafanya mazoezi kwa magogo badala ya mizinga, kwa malori yaliyoandikwa ubavuni kwamba ni vifaru, kwa mifuko ya unga iliyodondoshwa kutoka ndegeni badala ya mabomu. Magazeti yalionyesha picha hizo na wengi waliona aibu. Mimi nikiziangalia naona watu waliokuwa wanajifunza kuhamisha jeshi zima, kulilisha, kulipa mafuta, na kupita nalo kwenye tope. Mazoezi ya Louisiana ya Septemba 1941 yalikusanya askari karibu 400,000, na humo Marshall aliwapima maofisa wake. Mmoja aliyeng'ara alikuwa Dwight Eisenhower.

Lakini mwezi mmoja kabla ya mazoezi hayo jeshi lote nusura lisambaratike. Mwaka wao mmoja ulikuwa unakaribia kuisha, na serikali ikataka kuuongeza. Agosti 12, 1941 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura: 203 dhidi ya 202. Kura moja. Shambulio la Japani la Pearl Harbor, lililoiingiza nchi vitani, lilikuwa limebakiza siku 117.

Siwezi kusimulia habari hii nikawaacha nje wale ambao mlango wa kiwanda ulifungwa usoni mwao. Viwanda vilipokuwa vinalia njaa ya mafundi, Wamarekani weusi walikuwa wanaambiwa nafasi hakuna, au wanapewa ufagio tu. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, alitangaza maandamano ya kuingia Washington Julai 1, 1941, na akasema watu watakuwa 100,000. Roosevelt alimwita Ikulu amsihi aahirishe. Randolph hakukubali bila amri mkononi. Juni 25 rais akasaini Amri namba 8802, iliyopiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya ulinzi na ofisi za serikali kuu, na maandamano yakasitishwa. Jeshini kwenyewe ubaguzi ulibaki hadi baada ya vita. Nikisoma habari za mwezi ule namwona mtu aliyejua kwamba nchi inayohitaji mikono haiwezi kuendelea kuichagua kwa rangi, na kwamba wakati wa kulisema hilo ni sasa, wakati mashine zinangoja.

Na kuna wengine ambao majina yao hayapo kwenye daftari lolote la Detroit. Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, watu wanaongea Kiswahili. Mgodi wake, wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ulitoa madini ya urani yaliyokuwa bora kuliko yote yaliyojulikana duniani, yakichambuliwa kwa mikono ya Wakongo. Mwaka 1940, Ubelgiji ikiwa imeshatekwa, mkurugenzi wa kampuni Edgar Sengier, aliyekuwa New York, aliagiza akiba iliyokuwa juu ya ardhi ipelekwe Marekani isije ikaangukia kwa Wajerumani. Tani zipatazo 1,200 ziliwekwa kwenye mapipa ya chuma, zikapanda treni hadi bandari ya Lobito, Angola, zikavuka Atlantiki, zikashushwa kwenye ghala la Staten Island. Waliobeba mapipa yale hawakuambiwa yana nini. Serikali ya Marekani yenyewe ilikuja kuyanunua Septemba 1942, kwa ajili ya bomu la atomiki.

Huwa nawafikiria watu hao ninapofuta kile kibati cha shaba. Sasa karakana ni jukumu langu, na Jumamosi jioni bado naifuta mwenyewe ingawa wanafunzi ninao.

Jumapili asubuhi, Desemba 7, 1941, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, na Wamarekani zaidi ya 2,400 waliuawa. Siku hiyo jeshi la nchi kavu lilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Vifaru vilikuwa vinatoka Warren kwa karibu miezi minane. Manowari ya kubebea ndege ya Essex ilikuwa imewekewa mkuku Newport News tangu Aprili, ikipanda bamba kwa bamba. Patrick Henry, meli ya kwanza ya Liberty, ilikuwa imeshashushwa majini Baltimore na mafundi walikuwa ndani wakiifunga mitambo. Cincinnati walikuwa wanakwangua reli za mashine usiku na mchana. Na Staten Island, mapipa ya Shinkolobwe yalikuwa yamekaa ghalani mwaka mzima, bado yamefungwa.